Simulizi shirikishi: kabla ya kuhesabu miisho, tuulize msomaji ni nani humo ndani

Mleta mada

Wanajukwaa, naomba tulijadili kwa kina jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni kipimo tunachokitumia kuzipima simulizi shirikishi, yaani zile hadithi za kidijitali ambazo msomaji au mtazamaji hazipokei tu, bali huzigusa, huchagua na kuingia ndani yake. Kila inapotoka kazi mpya ya aina hii, iwe gemu, filamu ya kuchagua au kazi ya uhalisia pepe (ile inayotazamwa kwa miwani maalumu inayokuzungushia picha pande zote), swali la kwanza huwa ni lile lile: ina miisho mingapi? Kwa maoni yangu, kuuliza hivyo ni kuhesabu milango ya nyumba kabla ya kujua nani atakaa humo. Swali linalostahili kutangulia ni hili: hadhira ikishapewa nafasi ya kuigusa hadithi, imekuwa nani ndani yake, na mkono wake unafanya kazi gani?

Nianze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Chukua hadithi inayoanza na kipande kimoja cha maandishi, kisha kila kipande kiishie kwenye njia panda ya machaguo mawili. Msomaji akishachagua mara 10, utakuwa na miisho 1,024, na vipande vyote kwa jumla vitakuwa 2,047. Ukikipa kila kipande maneno 300, umejitwika kazi ya maneno 614,100, ilhali msomaji anayepita mara moja atakutana na vipande 11 tu, sawa na maneno 3,300. Zaidi ya asilimia 99 ya jasho lako haitamfikia kamwe.

Haya yamenikuta mwenyewe. Hadithi yangu ya kwanza niliiandika kwa Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009, ambayo humwonyesha mwandishi vipande vyake kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Baada ya miezi kadhaa ramani yangu ilikuwa imejaa visanduku kiasi kwamba haikuenea tena kwenye skrini, nami niliitazama kwa fahari kubwa. Kisha rafiki mmoja akakubali kuisoma nikiwa nimeketi kando yake. Alibofya harakaharaka, akafika mwisho mmojawapo kabla ya dakika kumi kuisha, akaniuliza, "Sasa ningechagua lile jingine ingekuwaje?" Nikamwomba arudi aone. Alirudi, akasoma nusu, akaacha. Simlaumu hata kidogo, maana katika hadithi ile hapakuwa na chaguo hata moja lililomgharimu chochote, naye alichagua kama mtu anayejaza fomu ya mtu mwingine.

Tatizo hili lina umri mrefu kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1967, katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Montreal, Radúz Činčera wa Chekoslovakia alionyesha Kinoautomat, filamu ambayo kila mtazamaji alikuwa na vitufe viwili kwenye kiti chake. Filamu ilisimama mahali fulani, msimamizi akapanda jukwaani, na ukumbi ukapiga kura kuamua mhusika mkuu afanye nini. Siri ya kazi ile ni kwamba njia mbili za kila kura zilikutana tena kabla ya kura iliyofuata, kwa hiyo projekta mbili zilitosha, na jengo lililoonyeshwa likiungua mwanzoni mwa filamu liliungua vilevile hata ukumbi ungepiga kura namna gani. Je, watazamaji wale walidanganywa? Nasema hapana. Walikuwa wamepewa cheo kinachoeleweka, cha baraza linaloamua mambo ya mtu asiyeweza kujitetea, na kila kura iliwafichulia jambo kuhusu wao wenyewe na kuhusu jirani aliyeketi kiti cha pili.

Waliosoma fasihi simulizi watanielewa kwa urahisi. Hadhira ya fanani haikuwahi kuwa bubu: iliitikia, ilidakia, ilicheka pasipotarajiwa, na fanani akapunguza au kuongeza mwendo kulingana nayo. Kisa aghalabu kilibaki kile kile, lakini uhusiano wa walioketi pale na kisa chenyewe haukuwa ule ule. Nakaribisha hoja, hasa za wanaonipinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi uliofikiriwa vizuri, lakini sikubaliani nawe. Ukinipa machaguo mawili yanayofika mahali pamoja, umenipa hiari bandia, na msomaji akiligundua jambo hilo mara moja tu, hakuamini tena. Mfano uko wazi. Netflix ilipotoa Bandersnatch, filamu ambayo mtazamaji humchagulia mhusika la kufanya, tarehe 28 Desemba 2018, dunia nzima ilivutika. Ulipewa takriban sekunde kumi za kuamua, na chaguo la kwanza kabisa lilikuwa aina ya nafaka ambayo kijana mmoja mtengenezaji wa gemu angekula asubuhi. Punde unafika kwenye chaguo zito zaidi, la kukubali au kukataa kutengenezea gemu lake ndani ya kampuni. Ukikubali, mambo yanaharibika na unarudishwa nyuma uchague upya. Kama jibu lilikuwa moja tu, kwa nini niliulizwa? Baadaye Netflix yenyewe iliachana na filamu za namna hiyo, na kufikia Mei 2025 hata Bandersnatch ilikuwa imeondolewa. Naona watazamaji walichoka kuombwa maoni yasiyofanyiwa kazi.

Mleta mada

Mkuu, hoja yako ni nzito, na sehemu yake moja naikubali bila masharti: kumrudisha msomaji nyuma kwa kuwa amechagua "vibaya" ni kumvunjia heshima. Hata hivyo, mfano wako huohuo una jambo linalonisaidia mimi. Nafaka ile, ambayo ni chaguo dogo kuliko yote, hurudi baadaye katika tangazo linalopita kwenye televisheni ndani ya filamu. Haibadilishi kisa hata kidogo, lakini watazamaji wengi huikumbuka, kwa sababu hadithi imewaonyesha kwamba ilikuwa inawasikiliza. Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili ambayo tumezoea kuyafunga kamba moja, yaani kugawanyika kwa njia na kumbukumbu ya hadithi. La kwanza ni ghali na msomaji halioni, na la pili ni rahisi na humfikia kila anayesoma.

Nitaeleza kwa hadithi ninayoiandika sasa. Msomaji ni mtoto anayemuuguza baba yake, mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Ni jioni, baba yuko kitandani, naye anauliza, "Mama yako yuko wapi?" Mama alishafariki. Machaguo ni mawili tu: kumwambia ukweli, au kumwambia kwamba yuko njiani anakuja. Ukimwambia ukweli, baba analia kama mtu aliyepata habari hiyo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kwake yeye kweli ni mara ya kwanza. Ukimwambia anakuja, anatulia, na anakuomba umchane nywele ili mama asimkute ovyo. Dakika chache zikipita, anauliza tena. Njia zote mbili hurudi kwenye swali lile lile, hivyo ukiichora ramani yake hupati mti wenye matawi, unapata duara.

Ndani ya programu nimeweka vigeu viwili, yaani visanduku viwili vya kutunza hesabu: kimoja huhesabu mara ambazo msomaji amesema ukweli, na kingine mara ambazo amesema uongo. Mara ya kwanza kitufe kimeandikwa "Mwambie ukweli." Mara ya pili kinasomeka "Mwambie tena." Mara ya tatu kinasomeka "Mlize tena." Kitendo hakijabadilika, lakini kitufe sasa kinajua ulichokwisha kukifanya. Upande wa pili nao huanza na "Mwambie anakuja," ukafuata "Mwambie amechelewa," kisha "Tafuta sababu nyingine." Vipande vyote havifiki thelathini. Nilimkaribisha rafiki yule yule aliyekimbia hadithi yangu ya kwanza. Alipofika mara ya tatu aliondoa mkono kwenye kipanya, akautazama mstari ule kwa muda, na hakuuliza kama kuna mwisho mwingine.

Hapo ndipo ninaposimama. Hiari haikuwa bandia, ingawa kisa kilimrudisha mahali pamoja. Alichokuwa anakichagua ni namna ya kuwa mtoto wa mzee yule, wala si yatakayotokea.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mchezaji wa gemu kuliko mwandishi, na ningependa kuongeza kwamba zipo kazi shirikishi zisizo na machaguo kabisa, ambazo hata hivyo mkono wa mchezaji umebeba hadithi yote. Katika gemu ya Her Story, iliyotoka mwaka 2015 chini ya Sam Barlow, kazi yako ni kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, na kompyuta inakuletea vipande vya video vya mwanamke akihojiwa na polisi ambamo neno hilo limetamkwa. Vipande vikiwa vingi unaruhusiwa kutazama vitano vya kwanza tu, kwa hiyo unalazimika kufikiri maneno yaliyo adimu zaidi. Hakuna njia panda hata moja, na video zote zipo tangu mwanzo. Hata hivyo mchezaji anakuwa mpelelezi halisi, kwa sababu anafanya anachokifanya mpelelezi: anasikiliza neno moja na kulifuata linakompeleka.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Katika gemu ya What Remains of Edith Finch, ya mwaka 2017, ipo sehemu ya kijana anayefanya kazi katika kiwanda cha samaki. Mkono wako wa kulia unamshika samaki, unamvuta, unamkata kichwa, unamsukuma, kisha anakuja mwingine, tena na tena bila kukoma. Wakati huohuo mkono wa kushoto unamwongoza mhusika mdogo katika nchi ambayo kijana huyo anaiwaza akiwa kazini. Mwanzoni ndoto ile ni kidirisha kidogo juu ya meza ya samaki. Inaendelea kukua hadi inaifunika meza, lakini mkono wa kulia hauruhusiwi kupumzika. Baada ya dakika chache unagundua kwamba unakata samaki bila kuwatazama, na kwamba akili yako yote imehamia upande wa kushoto. Hakuna aliyekueleza jinsi akili ya kijana yule ilivyojitenga na mwili wake, maana imekutokea wewe mwenyewe vidoleni. Riwaya ingeweza kulieleza jambo hilo kwa ufasaha mkubwa, ila sidhani kama ingeweza kulifanya likutokee.

Mleta mada

Nakushukuru sana kwa mfano wa pili. Nimeisoma aya yako mara mbili, kwa kuwa imesema nilichokuwa nakitafuta niliposema "mkono unafanya kazi gani." Mwandishi wa maandishi matupu huchagua vitenzi vya wahusika wake. Sisi tunachagua pia kitenzi cha msomaji, na kama kitenzi hicho siku zote ni "kubofya," hatujachagua chochote.

Mchangiaji wa tatu

Ninashughulika na sauti katika kazi za uhalisia pepe, na ninaona mjadala huu unatuhusu hata zaidi, ingawa watu wengi hufikiri kwamba ukishamvisha mtu miwani tayari amezama katika hadithi. Filamu ya kawaida ina fremu, na mwongozaji akitaka ukione kisu, anakuonyesha kisu. Mtu aliyevaa miwani anaweza kuitazama dari wakati kisu kinachomolewa, na huna namna ya kumkamata kidevu umgeuze. Kinachotuokoa ni sauti. Masikio hutambua upande inakotoka sauti kwa kutumia, pamoja na mambo mengine, tofauti ya muda wa kuwasili kati ya sikio moja na jingine, tofauti ambayo haifiki hata milisekunde moja. Tukiitengeneza kwa usahihi, mlango ukilia nyuma ya bega la kulia, kichwa hugeuka chenyewe bila mwenye kichwa kujiuliza kwa nini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uongozaji wetu hufanyika masikioni.

Sasa nirudi kwenye swali la nani yuko humo ndani. Mtafiti Mel Slater, katika maandishi yake ya mwaka 2009, alitenganisha hisia mbili: ya kwanza ni ya kujiona uko mahali pale, na ya pili ni ya kuamini kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. Hisia ya kwanza inategemea sana mitambo: picha inapaswa kufuata kichwa bila kuchelewa, la sivyo macho na sikio la ndani hupingana, na mtu hupata kichefuchefu. Hisia ya pili haiponywi na mitambo. Inahitaji matukio yanayomhusu mtu mwenyewe. Unaweza kumweka katika chumba kizuri ajabu, lakini wahusika wakipita mbele yake bila kumtupia jicho, naye akiinamisha kichwa na kukuta hana mwili, ameshakuwa mzimu. Kazi nyingi nilizozipitia zina kasoro hiyo, nami nimeshiriki kutengeneza baadhi yake.

Mifano miwili itaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2015 ilitoka Clouds Over Sidra, filamu ya nyuzi 360 iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, inayomfuata msichana wa miaka 12 kutoka Syria katika kambi ya Zaatari nchini Jordan. Mmoja wa waongozaji wake, Chris Milk, aliueleza uhalisia pepe mwaka huohuo kuwa mashine ya kujenga huruma. Filamu ni nzuri na ya heshima, lakini mtazamaji humo ni mgeni aliyekaribishwa kuketi sakafuni: hana wajibu, na miwani ikivuliwa, ameaga. Miaka miwili baadaye, katika tamasha la filamu la Cannes, mwongozaji Alejandro González Iñárritu alionyesha Carne y Arena, kazi ya uhalisia pepe kuhusu wahamiaji wanaovuka jangwa kuelekea Marekani. Kabla ya kuingia, mtu anakaa peke yake katika chumba cha baridi, anavua viatu, kisha anakanyaga mchanga halisi kwa miguu mitupu. Walinzi wa mpaka wanapofika, anajikuta yeye mwenyewe ameelekezewa bunduki. Mchanga ule hauna teknolojia yoyote ndani yake, lakini umeshajibu swali la mleta mada kabla picha haijawaka: wewe ni mtu aliyenyang'anywa viatu.

Mchangiaji wa nne

Nimefuatilia kwa makini, na nina swali moja kwa mleta mada. Hesabu yako ya maneno 614,100 ilikuwa kikwazo kwa sababu binadamu ndiye aliyepaswa kuyaandika. Sasa akili mnemba inaweza kuandika kipande kipya kila msomaji anapochagua, na msomaji anaweza hata kuandika lolote analotaka badala ya kuchagua. Je, hoja yako haijapitwa na wakati?

Mleta mada

Swali hili nilitarajia lije, na nafurahi limekuja kwa utulivu. Gharama ya maneno kweli imeshuka. Lakini tukumbuke ELIZA, programu ya kompyuta ya kuzungumza na mtu kwa maandishi, ambayo Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani aliieleza mwaka 1966. Haikuwa na maarifa yoyote ya dunia. Ilichukua maneno yako, ikayageuza kidogo, ikakurudishia kama swali. Hata hivyo watu walimwaga ya moyoni mbele yake, jambo lililomshtua Weizenbaum mwenyewe. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba mazungumzo yalikuwa na umbo linalofahamika: yeye mtaalamu anayesikiliza, wewe mgonjwa unayesema. Kanuni chache zilitosha kwa kuwa msomaji alijua yeye ni nani. Leo tunazo programu zenye uwezo usiolinganishwa na ule, lakini ukizifungulia mlango bila kumpa mtu nafasi, kila kitu kinawezekana, na palipo na kila kitu hakuna kinachouma. Mara nyingi pia husahau: mhusika uliyemzika mwanzoni anarudi baadaye akiomba chai. Anayetaka kuzitumia azipe kazi ya kuandika sentensi, lakini hesabu ya nani amekufa na nani ameahidi nini aitunze kwenye vigeu vyake mwenyewe, nje ya mashine.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, bado nashikilia kwamba msomaji akiahidiwa kuwa ataibadilisha hadithi, basi aibadilishe, na sitaki tulifunike hilo kwa maneno mazuri. Lakini mfano wa mzee umenishika, kwa sababu pale hukuniahidi mabadiliko yoyote. Nina maswali mawili ya kiufundi. Je, duara lile linafungukaje? Na kwa nini unahesabu uongo pamoja na ukweli, ikiwa ukweli ndio unaomliza mzee?

Mleta mada

Kuhusu ahadi tunakubaliana, na ningeongeza kwamba matangazo ya kazi hizi ndiyo huahidi kupita kiasi kuliko kazi zenyewe.

Nahesabu uongo kwa sababu nao una gharama, ila hailipwi na mzee. Msomaji akishasema mara tatu kwamba mama anakuja, baba anaanza kukaa ameelekea mlangoni, na hakubali tena kulala. Hilo halijaandikwa kwenye kitufe chochote. Linaonekana katika maelezo ya chumba tu, na kuna watakaolipita bila kuliona.

Duara linafunguka jumla ya hesabu zote mbili ikifika tano. Hapo baba haulizi tena mama yuko wapi. Anamtazama msomaji kwa muda, kisha anauliza, "Na wewe ni nani?" Chini yake hakuna machaguo, kuna nafasi tupu ya kuandikia. Chochote kitakachoandikwa humo, baba anakirudia katika sentensi inayofuata, kwa hiyo nimelazimika kuipanga sentensi ile upya mara kadhaa ili ipokee jina, ipokee neno "mwanao," na isivunjike hata kama msomaji ataiacha nafasi wazi na kubofya tu kuendelea.